Harufu ya Mvua Siku ya Jumamosi

Sura ya Tano

Friza haikuwa imevunjwa. Hilo lilimkera Kupe tangu asubuhi, likamsugua kama punje ya mchanga ndani ya soksi. Mwizi anayevunja kufuli huacha nusu ya jina lake mlangoni. Anayefungua kwa ufunguo huacha majina ya wenzake.

Alizunguka maabara mara nyingine tena. Kiti kilikuwepo, hakukikalia. Dirisha lilikuwepo, alilifungua, akalifunga, akalifungua. Wanafunzi walimwita Kupe kwa kuwa aking'ata habanduki, na yeye alijua, na kwa siri jina lilimpendeza kuliko cheo. Cheo kilikuwa Mkuu wa Uchunguzi wa Chuo, maana yake yeye mwenyewe, meza moja na feni isiyozunguka. Kabla ya hapo alikuwa askari polisi, kazi iliyompa goti bovu na masikio mazima.

"Niambie tena," alisema. "Polepole, kama unamwambia mkwe wako asiyesikia vizuri."

Mtafiti wa udongo, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Vijidudu, alifuta macho kwa mkono wa koti jeupe. "Mifuko ishirini na minne, Afande. Udongo kutoka ukuta wa machimbo ya zamani. Ndani yake mna vijidudu vinavyoshikisha mchanga mpaka unakuwa jiwe. Tukivifuga, tunapata tofali gumu bila kuchoma hata kijiti kimoja cha kuni."

"Na kurudi kuchota mwingine?"

"Machimbo yamefukiwa. Juu yake panajengwa maegesho ya malori. Mimi na tingatinga tulipishana njiani."

Udongo, basi. Jumatatu alipopigiwa simu kwamba chuoni kumeibiwa udongo, Kupe alidhani anataniwa, akajibu kwamba akimaliza kesi hiyo atafuatilia wizi wa hewa. Sasa hakucheka tena. Udongo ule ulikuwa roho ya utafiti ulioshinda Mfuko wa Mbegu, kiasi kidogo ambacho chuo hutoa kuanzishia tafiti za tabianchi na mazingira ambazo wafadhili wakubwa bado wanazitazama kwa jicho la pembeni. Sharti kuu la Mfuko lilikuwa moja: waombaji watoke idara mbili ambazo hazijawahi kula sahani moja. Ndivyo Mama Vijidudu alivyofungishwa ndoa ya kitaaluma na mhandisi wa majengo. Picha yao ilitundikwa kwenye ujia unaounganisha majengo mawili, wametabasamu kama maharusi waliochoka kusimama, bibi akimkabidhi bwana ufunguo wenye utepe mwekundu.

Leo saa tisa alasiri kamati ingekaa. Ajenda mbili: kumfukuza kazi fundi wa maabara, na kuihamisha Mbegu kwa aliyeshika nafasi ya pili.

Fundi huyo, Fundi Baridi kwa jina la utani, ndiye mtunza friza. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja wake. Wa pili wa Mama Vijidudu, ambaye tangu Ijumaa hadi Jumapili alikuwa safarini nao. Mlinzi wa lango alimwona Fundi akitoka Jumamosi asubuhi na boksi la kuhifadhia baridi. Fundi alipoulizwa boksi lilikuwa na nini, alinyamaza kama mtungi.

"Vile vichupa vya dawa kwenye droo ya juu," Kupe alisema. "Vinauzika?"

"Kimoja kinalipa kodi ya nyumba."

"Na havikuguswa. Mwizi gani huyu anaacha dhahabu na kubeba tope?"

Aliinama, goti likalalamika, akachungulia chini kabisa ya friza. Pembeni palikuwa na tone jekundu lililoganda.

"Damu?" Mama Vijidudu alishika mdomo.

Kupe alilikwangua kwa ukucha. Likayeyuka kidoleni. Akanusa. "Damu ya nani hii inayonukia pipi?" Akafuta kidole kwenye leso, akainuka, akaondoka bila kuaga.

Nje ya mlango alisimama mwanamke mwenye uso wa mtu aliyelala macho wazi.

"Dada, wewe ndiye Kupe?"

"Usoni mwangu huwa wananiita Afande."

"Nisamehe, dada. Mimi mke wa Fundi. Mume wangu si mwizi."

"Wake wote waliowahi kunisimamia mlangoni walisema hivyo. Nusu yao walisema kweli. Jumamosi alibeba nini?"

"Maji."

"Ya rangi gani?"

Mwanamke alificha mikono nyuma, ila Kupe alikuwa ameshaiona: ncha za vidole nyekundu, wekundu ule usiotoka kwa sabuni. "Afande, tuna watoto watatu na mama yangu ndani. Akifukuzwa leo, nyumba ya chuo tunatolewa. Mama yangu nitamweka wapi?"

"Mwambie mumeo anifungulie mdomo."

"Akiufungua ndiyo anafukuzwa vizuri."

Kupe alimtazama, akalihifadhi jibu hilo mahali anapohifadhi vitu vyenye ncha, akaenda zake. Miguu haikumruhusu kusimama.

*

Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa profesa wa hali ya hewa, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la wahandisi, kwa kuwa idara yake haikuwa na jengo. Wiki hii wanafunzi walikuwa wamempa jina jipya, Mwavuli, wakicheka mpaka wanashikana mabega. Kupe hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba mlinzi alimwona naye, Jumamosi hiyo hiyo adhuhuri, akishuka ngazi za nyuma mbio, amebana kitu kirefu kwapani.

"Karibu, Afande! Umekuja kunikamata au kunipongeza?"

"Nimekuja kuuliza kama goti lako ni zima. Nasikia unakimbia vizuri."

Tabasamu la profesa lilipungua kidogo. "Nilikwambia. Jumamosi nilikuwa kwa shemeji yangu, tunapaka rangi ukuta."

"Shemeji yako anasema mlipaka Jumapili. Na anasema ulipaka vibaya."

"Ana roho mbaya."

"Ukuta nimeuona. Ana macho mazuri." Kupe alienda dirishani, akajaribu kulifungua, halikukubali. Akarudi mlangoni. "Profesa, Mbegu ikitoka kwa wenzako inakuja kwako."

"Naitaka, sikatai. Lakini sitaki kwa njia hiyo."

"Basi nini kilikuwa kwapani?"

Profesa alivua miwani, akaivaa. "Ni aibu tu, Afande."

"Aibu nazipokea. Wizi pia napokea. Nipe kilichopo."

Mzee wa watu alienda nyuma ya mlango akatoa mwavuli mkubwa mweusi. "Hiki hapa kitu kirefu. Wiki iliyopita nilisema redioni, kwa kujiamini kabisa, kwamba hakuna tone la mvua mpaka mwezi uishe. Jumamosi nimekaa hapa, mara nikanusa mvua. Ile harufu ya nchi kavu ikipata matone ya kwanza. Nikajisemea, nimekwisha! Nikashika mwavuli, nikashuka kwenda kusoma kipimo cha mvua uwanjani. Nafika nje, nimeufungua kabisa, jua linawaka kama limelipwa. Na wanafunzi wako pale kwenye ngazi."

Kupe alianza kucheka. Kicheko kikafika katikati kikakatika.

"Ulinusia dirishani?"

"Hilo dirisha limegandishwa na rangi tangu mwaka juzi. Mlangoni. Ilikuwa inapanda kwenye ngazi."

"Inapanda."

"Ndiyo, hewa ya moto hupanda, kwa hiyo na harufu..." Profesa akatazama sakafu.

"Chini ya hapa kuna nini?"

"Maabara ya vifaa vya ujenzi. Ya Nondo, yule mhandisi wa Mbegu."

Kupe alikuwa tayari ameshafika ngazini.

*

Alisimama mbele ya picha ya ujia kwa mara ya kwanza kama mtu anayeitazama, si anayepita. Akapiga simu.

"Mama Vijidudu. Ufunguo huu wa kwenye picha, ulikuwa wa maonyesho?"

"Wa maonyesho tungeutoa wapi, Afande? Hatukuwa na pesa ya kuchonga ufunguo wa uongo. Tulitumia wa akiba, wa friza. Si sharti la Mfuko linasema washirika washirikiane kila kitu? Nilishausahau." Kisha sauti ikabadilika. "Afande. Mhandisi ni mtu mwaminifu sana."

"Sijasema si mwaminifu," Kupe alijibu, akakata.

Siku tatu watu wote walikuwa wamehesabu funguo mbili, na wa tatu umetundikwa ukutani, umefungwa utepe, umekuzwa pichani ukubwa wa sahani ya chai. Alijitukana kidogo, kwa adabu. Halafu aliinama kwenye chungu cha maua kilichomwagiliwa asubuhi, akachota viganja viwili vya udongo mbichi, akautia kwenye mfuko wa plastiki.

Mhandisi alikuwa mrefu, mwembamba, na katika mikutano hakuwahi kuonekana akipinda. Ndiyo maana wakamwita Nondo. Leo alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba jeneza peke yake.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Nina shida ya nyumbani. Mama yangu anataka ukuta nyuma ya nyumba, na udongo wake ndio huu. Hebu niangalizie, unafaa?" Kupe aliweka mfuko mezani, kisha akaanza kutembea kati ya mashine za kuvunjia tofali, mgongo kwake. "Na tukiwa hapo hapo, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Jumamosi?" Mfuko ulichakacha. "Nilipita hapa kidogo."

"Peke yako?"

"Peke yangu." Kopo la bati liligonga meza. Kalamu ikaandika juu ya kifuniko.

"Ulimwona Fundi Baridi?"

"Hapana. Fundi ni mtu mzuri. Mimi nilishawaambia kamati wafikiri vizuri." Mizani ililia. Viatu vikavuka sakafu.

"Uliwaambia hivyo tu? Wafikiri vizuri?"

Mlango mzito wa chuma ulifunguka, na wimbi la joto likamgusa Kupe shingoni. Aligeuka. Nondo alikuwa amesimama mbele ya tanuri la kukaushia, kopo la udongo wa maua mkononi, mkono nusu umeshaingia.

"Mbona unautia motoni?" Kupe aliuliza taratibu. "Sikukuomba uukaushe."

"Lazima ukauke kwanza. Udongo mbichi haupimiki, Afande."

"Udongo wa mama yangu tu?"

"Udongo wowote unaoingia hapa, kabla ya..." Akaliona kopo. Akaliona tanuri. Mdomo ulikuwa umeficha siku tatu nzima, na mkono ulikuwa umeshakiri. Alilitua kopo juu ya meza kama kitu chenye usingizi, akakaa kwenye mfuko wa saruji.

Kupe hakukaa. "Sema."

"Alikuwa amesafiri. Nikasema nimsaidie mwenzangu, Jumatatu tuanze na nusu ya kazi imekwisha. Nilikuja napiga mluzi, Afande. Nikaitoa mifuko yote, nikaimimina kwenye makopo, nikaikausha vizuri mpaka jioni. Jumatatu napanda ngazi kwenda kumwambia, nasikia analia. Anasema vilikuwa hai. Vimelala tu. Na popote vilipo, kama vimepata joto, vimekufa." Alifungua viganja. "Nimesoma udongo maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna mtu ndani."

"Na Fundi?"

"Kila siku nilisema kesho."

"Kesho yako leo saa tisa inamtoa bibi mzee na watoto watatu kwenye nyumba."

Nondo, kwa mara ya kwanza, alipinda.

Makopo yalikuwa rafu ya chini, yamepangwa kwa namba, kifuniko kwa kifuniko. Mhandisi hatupi sampuli kabla ripoti haijasomwa, hata kama sampuli itamnyonga. Kupe aliyahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kutoka upande wa pili.

"Ishirini na moja. Mfuko mmoja kopo moja?"

"Mmoja, moja."

"Mitatu iko wapi?"

"Nilichukua yote iliyokuwemo, Afande, nakuapia. Ukiacha vile vichupa vya juu, friza niliiacha tupu. Kulibaki tone jekundu tu pale chini, nikajua ni dawa zao, sikuligusa."

Kupe alisimama palepale, na lile jibu lenye ncha alilolihifadhi asubuhi likamchoma. Akiufungua ndiyo anafukuzwa vizuri.

Na Jumatatu, nje ya stoo, alikuwa amesikia friza ndogo iliyoandikwa ni mbovu ikinguruma. "Vaa koti lako," alisema. "Kuna mahali tunapitia kwanza."

*

Fundi Baridi na mkewe walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, wamebanana kama watu wa picha ya kitambulisho. Ndani vikombe vilikuwa vinagongana. Waheshimiwa walikuwa wanamalizia chai.

"Ile friza ndogo ya stoo," Kupe alisema, bila salamu, "iliyoandikwa ni mbovu, inasubiri kuuzwa. Nani aliitengeneza?"

Fundi alitazama sakafu.

"Baba watoto," mkewe alimgusa goti. "Ameshajua. Sema."

"Mimi." Sauti ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. "Mke wangu anauza barafu za juisi shuleni. Ile ndogo inagandisha kwa kujivuta, siku mbili. Ile kubwa, usiku mmoja tu ni jiwe. Ijumaa oda ilikuwa kubwa. Nikahamisha mifuko mitatu kwenye ndogo nipate nafasi. Jumamosi asubuhi nikatoa barafu, nikasema mifuko nitairudisha Jumatatu. Jumatatu nafika, friza haina mfuko hata mmoja, Mama Vijidudu analia."

"Na ukanyamaza na mitatu."

"Ningesema nini, Afande? Nikisema ninayo mitatu, mtaniuliza ishirini na moja!"

Nondo, aliyekuwa nyuma ya Kupe, alitoa sauti ndogo.

"Ishirini na moja ninayo mimi," Kupe alisema. "Imekufa. Yako je?"

Fundi aliinuka ghafla, uso umebadilika rangi. "Nimezuiwa kuingia tangu Jumatatu. Na ile mashine ni ya kubembelezwa. Kama ilizima..."

Walishuka, Fundi mbele, Kupe akiburuta goti, Nondo akiinamisha kichwa kila mlango, mke wa Fundi na viatu mkononi. Stoo ilinuka vumbi na viti vilivyovunjika. Friza ilikuwa kwenye kona chini ya pazia kuukuu.

Ilikuwa kimya.

Nondo alifunika uso. Kupe alijikuta ameshika mkono wa mke wa Fundi, au mke wa Fundi ameushika wake.

Fundi peke yake hakushtuka. Aliweka kiganja ubavuni mwa friza kama anayempima mtoto homa, akasubiri. "Hunyamaza ikishashiba baridi," alinong'ona. Na kama iliyosikia ikisengenywa, friza ilijitikisa, ikakohoa, ikaanza kunguruma.

Mifuko mitatu ilikuwa migumu kama mawe. Waliitia kwenye boksi.

Mlangoni mwa kamati Kupe alimzuia Fundi. "Ukiingia na boksi hili mikononi, wataanzia kwenye barafu. Nikiingia nalo mimi, naweza kuanzia kwingine."

Fundi alitazama boksi, akamtazama mkewe. "Afande, tayari nimekaa kimya siku tatu," alisema. "Tazama kulivyokaribia kunitoa kwenye nyumba." Akasukuma mlango kwa bega.

Mwenyekiti wa kamati, Naibu Mkuu wa Chuo, alikuwa mama mnene mwenye kalamu tatu na subira moja. Alimsikiliza Fundi akisema yake. Alimsikiliza Nondo, aliyesimama kabla hajaitwa na kuyamaliza bila kujitetea. Kisha akageukia ukutani, ambako Kupe alikuwa anahama mguu hadi mguu.

"Sasa, Afande. Mwizi ni yupi?"

"Mheshimiwa, mwizi hayupo. Kuna mtu mmoja aliyefanya kazi nyingi mno, na mwingine aliyefanya biashara pasipofaa. Wa kwanza aliua udongo kwa bidii. Wa pili aliuokoa kwa utovu wa nidhamu. Mimi huyo wa pili nisingemtoa kwenye nyumba."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya amekohoa. Naibu hakucheka, ila kalamu mbili alizilaza. "Barafu zikome leo," alisema. "Onyo litakuwa la maandishi. Fundi abaki na friza yake. Na funguo zote ziwe kwake, hata za kwenye picha." Nondo alitoa ule wa tatu mfukoni, utepe bado uko, akauweka kwenye kiganja cha mtu ambaye kwa siku tatu alimwacha ateseke kwa ajili yake. Fundi aliupokea. Hakumtazama.

Kuhusu Mbegu, Naibu alimuuliza Mama Vijidudu peke yake, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza: mifuko mitatu inatosha? Mwanamke alifungua boksi, akaugusa kila mfuko. "Hata mmoja ungetosha," alisema. "Vinazaana kuliko sisi." Halafu alimtazama mshirika wake muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazama dari. Nondo, asijue la kufanya na mikono yake, alinyoosha mmoja kuelekea boksi.

Alichapwa kibao cha mkono kilichosikika mpaka nje.

"Usiguse udongo! Utabeba boksi," Mama Vijidudu alisema. "Na utapita kivulini."

Profesa Mwavuli alikuwa anasubiri ujiani, amevaa tai. Kupe alimwambia kwamba Mbegu ameikosa, na tai ikalegea. "Lakini pua yako ni nzima, Profesa. Ilikuwa nchi kavu kweli, na maji yalikuwa yanaitoka. Tofauti ni kwamba ilikuwa ndani ya tanuri. Waambie wanafunzi wako hivyo." Profesa alifikiri, akaanza kushuka ngazi mbili mbili kuwatafuta, na safari hii mlinzi angemwona akikimbia kwa sababu nzuri.

Kwenye benchi mke wa Fundi alikuwa bado amekaa, viatu mapajani. Hakuwa na ujasiri wa kuuliza kwa maneno.

"Hamhami," Kupe alisema.

Mwanamke aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, na Kupe akamwachia nafasi ya kulia kwa kutazama upande mwingine. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, aliketi. Goti lilimshukuru kwa sauti.

"Na zile barafu ambazo hazijauzwa," aliuliza, "zimebaki za rangi gani?"

"Nyekundu tu, dada."

"Lete moja. Ni kidhibiti."